Mwamba wa pweza tuliweza kuufunga, kuufungua ndiko kulikotushinda

KatibuWaDiko aliuliza:

Asalaam alaykum. Mie ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia moja kusini mwa Pemba. Jina la shehia naliweka kando, maana humu wamo wanaotujua na nitakayoyasema yana wenyewe. Ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu, mwandiko wangu unasomeka. Kazi yangu hasa ni kuchokoa pweza, tangu nina miaka tisa nikimfuata bibi nyuma na kapu.

Mwaka jana tulikubaliana kufunga kipande cha mwamba kwa miezi mitatu. Wenzetu wa Kisiwa Panza walishatutangulia kwa hilo, tukaenda kuwaangalia, tukarudi na hamu. Kipande chenyewe si kikubwa. Maji yakipwa, ukitoka boya la kwanza hadi la mwisho hata robo saa huitimizi, na hayo maboya ni madumu ya mafuta ya kupikia tuliyoyapaka rangi nyekundu tukayafunga mawe.

Tukalinda. Msidhani ni mchezo. Siku za bamvua, yaani za maji kujaa na kupwa sana, maji hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku, na mwizi wa pweza haendi saa nne asubuhi. Wanaume walishika zamu za usiku wawili wawili, wanawake mchana. Usiku mmoja walimkamata kijana na tochi, ndoo ina pweza saba, mkubwa wao hafiki nusu kilo. Kumbe ni mtoto wa dada wa mjumbe wetu wa kamati. Faini ikaandikwa, mkono ulioandika ni huu huu, hadi leo haijalipwa. Hicho nacho ni kidonda, lakini sicho kilichonileta.

Kilichonileta ni siku ya kufungua. Tarehe tuliipanga kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi. Ikaangukia siku ya tisa ya mwezi mwandamo, maji mafu, hayajai wala hayapwi sana! Mwamba haukutoa hata mgongo. Wanawake tumesimama na vijiti vyetu, maji kiunoni, huoni tundu wala dalili ya tundu. Vijana wa miwani na mapezi wao wameshazama. Na si wetu peke yao. Habari ilitangazwa redioni, kwa hiyo vijiji vitatu vya jirani walikuja, ngalawa kumi na nane nilizihesabu mwenyewe. Mgeni rasmi bado yuko ukurasa wa pili wa hotuba, vijana wanatoka na pweza wa kilo tatu, wa kilo nne, wamewatunga kwenye waya kama shanga. Mie siku ile nilipata pweza mmoja, na huyo nilipewa kwa kuonewa huruma. Mama mkwe wangu aliyelinda zamu kumi na moja alirudi na chaza wawili kapuni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji ndiye aliyeugua.

Mchana wachuuzi wakashusha bei, pweza wamejaa na barafu hakuna. Waliofika jioni waliuza kama wanaogawa.

Sasa tunataka kufunga tena. Kamati imekubali, sheha amekubali. Wanawake wamekataa, na mie mwanamke mwenzao ndiye nimetumwa nikawalainishe. Kikaoni mmoja aliniambia, "Katibu, tuwafugie watu ng'ombe, maziwa wakakamue wao?" Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Huko kwenu siku ya kufungua mnaipangaje? Nani anaingia kwanza? Wageni mnawafanyaje? Tafadhali msinijibu kwamba pweza wanakua. Hilo nimeliona kwa macho, kwenye waya za watu wengine.

NahodhaMstaafu alijibu:

Dada, nakuandikia kutoka Kilwa. Mimi mambo haya ya kufunga bahari siyaamini sana. Ukifunga pale, watu hawaachi kula. Wanahamia mwamba wa pembeni, wanaukandamiza mara mbili, na miezi mitatu ikiisha wanarudi kwako wakikuta umewawekea akiba. Nimevua wakati ambao tukikaa ufukweni asubuhi tunahesabu milipuko ya baruti kama watu wanavyohesabu mizinga ya Idi. Kilichopunguza baruti ni watu kukamatwa na kufungwa. Madumu mekundu hayakuhusika.

Halafu mnafunga pweza, juya, wavu ule wa kukokota, linapita juu yake linakomba kila kitu na kuvunja matumbawe. Pweza atakaa wapi?

Wanawake wenu wana akili. Wasikilizeni.

AliyekuwaAfisa alijibu:

Katibu, nimefanya kazi ya uvuvi serikalini miaka mingi, sasa nalima migomba. Nitasema waziwazi kwa kuwa sina tena bosi.

Kosa lenu la kwanza ni kalenda. Kufungua mwamba wa pweza maji mafu ni kufungua kwa ajili ya wazamiaji peke yao. Mwenye kutembea anahitaji bamvua, na bamvua inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yanayopwa sana huja siku moja au mbili baada ya hapo. Kwa hiyo tarehe 2 au 3 ya mwezi wa Kiislamu, ama 16 au 17. Mgeni rasmi akiwa na nafasi siku hiyo, karibu. Asipokuwa nayo, mwamba haumngoji mtu.

La pili, mjue mnachokivuna. Pweza huyu wa mwambani, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, haishi sana, mwaka mmoja na kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani, analalia mayai bila kula, yakianguliwa na yeye safari imekwisha. Vitoto havibaki hapo hapo, vinachukuliwa na mkondo vikielea wiki kadhaa ndipo vishuke mwambani, pengine mwamba wa kijiji kingine kabisa. Kwa hiyo mzigo mnaouona siku ya kufungua, sehemu yake kubwa ni uzito: wale wadogo waliokuwepo siku mliyofunga, mkawaacha wale kaa hadi wakanenepa. Pweza mdogo hukua haraka mno, ndiyo maana miezi miwili mitatu inatosha. Bara wameweka kwenye kanuni kwamba pweza chini ya gramu 500 asivuliwe, na sababu ni hiyo hiyo. Yule wa nusu kilo kwenye ndoo ya mwizi wenu angekuwa wa kilo mbili siku ya kufungua.

La tatu ndilo linalokuhusu hasa. Bukini, Madagaska, kijiji cha Andavadoaka walianza kufunga mwaka 2004. Baadaye utafiti uliangalia ufungaji 36 wa eneo lile, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotolewa kwenye maeneo yale waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Kila mtu huitaja namba hiyo. Mimi huwa natazama namba ya pili: alichopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90. Pigeni hesabu. Mzigo wote umekuwa mara nane, wa mtu mmoja haujafika hata mara mbili. Kilichojaza pengo ni wingi wa mikono. Hata kule walikofanikiwa, siku ya kufungua watu humiminika. Kwa hiyo kilichowapata si ujinga wenu, ndivyo mambo haya yalivyo yasipopangwa.

Mwaka 2006 vijiji vya huko viliungana wakaliita eneo lao Velondriake, wakaweka masharti ya pamoja kwa sheria zao za kimila wanazoziita dina. Mnaposhirikiana na majirani, kila mmoja akifunga kipande chake na wote mkafungua siku moja, jirani ana kazi kwake, haji kwako.

Mwisho: uvuvi si jambo la Muungano, kwa hiyo mtu wa Bara akikwambia mambo ya BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, na Sheria Na. 22 ya 2003, msikilize kwa adabu lakini chombo chako ni kamati ya shehia na Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Na. 7 ya 2010. Makubaliano yenu yafikisheni idarani yapate nguvu. Karatasi iliyosainiwa chini ya mkungu inambana wa kijijini tu. Mgeni anaichekea.

KatibuWaDiko:

Afisa, hiyo hesabu ya mara nane na mara mbili nimewasomea watu jana dikoni, pale vyombo vinapotia nanga. Kimya. Halafu yule yule wa ng'ombe na maziwa akasema, "Basi katibu tuandikie na sisi tuwe kwenye hiyo mara mbili."

Mzee nahodha, juya kwetu limepigwa marufuku. Kulikomesha ni habari nyingine, sikatai.

MkaaMlangoBahari alijibu:

Pole dada. Nipo pwani ya Kenya na naomba nicheke kidogo kabla ya kukusaidia. Kila msimu wa kaskazi Wapemba hutujia huku dago, yaani kuvua ugenini, na mashua na nyavu zao, wanapiga kambi miezi. Wanajua bahari yetu kuliko sisi. Leo Mpemba analalamikia ngalawa kumi na nane za kijiji cha pili! Mwenyezi Mungu hulipa hapa hapa.

Haya, utani umekwisha. Sisi wageni wa dago ndio waliotufundisha kuandika. Hapa BMU zilipata kanuni zake mwaka 2007, na moja ya kazi ni kuwa na daftari la wavuvi na vyombo. Mgeni akifika bandarini kwetu anakuja kwa mwenyekiti na barua ya kwao, anaandikwa yeye na chombo na zana, anaonyeshwa pa kuvua na pasipo. Wapo wanaokwepa, wapo viongozi wanaofumba macho wakipewa kitoweo. Lakini mgeni aliyeandikwa ana aibu. Asiyeandikwa hana.

Mfano wa karibu ni Kuruwitu, Kilifi. Wazee wa pale waliona samaki wanakwisha, wakaanzisha chama chao mwaka 2003, na 2005 wakatenga kama hekta 30 zisivuliwe kabisa, si miezi mitatu bali moja kwa moja. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilifika pale. Kilichonishika si matumbawe, ni ubishi. Miaka yote hiyo bado wapo wavuvi wanaosema walinyang'anywa mahali pao. Usitegemee siku ambayo wote watakubali.

Kwa swali lako: zamu iwe ndiyo tiketi. Aliyelinda anaingia. Asiyelinda anasubiri siku ya tatu. Na jirani anayetaka siku ya kwanza mwiteni mapema alete walinzi wake, naye aonje kukesha na mbu wa mikokoni. Ngalawa kumi na nane zitakuwa nne.

BiMkubwaWaMwani alijibu:

Mwanangu katibu, nimesoma yote, mjukuu wangu ndiye anaandika mie nasema. Niko kusini Unguja, upande wa jua kuchomoza. Mwani nimelima hadi mgongo umekataa, pweza nimechokoa kabla ya mwani.

Wanaume wanazungumza hesabu na sheria. Vizuri. Mie nakwambia la miguuni. Siku ya kwanza isiwe na miwani. Hata mmoja. Miwani inaona tundu lililo chini ya pima mbili, kijiti changu hakioni. Akiingia wa miwani asubuhi na mapema kabla maji hayajapwa, wewe ukija kutembea saa nne unakuta matundu yameshapita watu. Unaona magamba ya kaa na makombe yamezagaa mlangoni, unasema alhamdulillahi, unaingiza kijiti, ndani hakuna mtu. Nyumba imeshahamwa.

Tulipogombana na vijana wetu kuhusu hilo walisema ni uonevu. Tukawaambia basi vueni miwani, shikeni vijiti, tuingie sawa. Wawili walikubali. Hawakupata kitu, kwa kuwa hawajui kusoma mwamba. Walituuliza, "Bibi mnajuaje?" Tukanyamaza.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Ukikuta tundu limezibwa mawe kwa ndani, umeingiza kijiti na pweza hakishiki, anakupulizia maji tu, huyo ni mama. Inama uchungulie. Mayai yananing'inia juu darini, vishada vyeupe kama punje za mchele. Muache. Hata kumla hana ladha, amekwisha njaa huyo. Waandikie hilo kwenye masharti. Wetu hawakuandika, vijana wakawatoa hao wote, maana mama hakimbii, ni rahisi kumpata.

Na mchuuzi mfungeni mdomo kabla. Aje jioni ya siku moja nyuma na barafu yake, aseme bei mbele ya watu. Asiyekuja na barafu hapimi.

KatibuWaDiko:

Bi mkubwa, shikamoo. Hilo la mama na mayai nimelisoma mara tatu. Bibi yangu naye alikuwa akiyaacha matundu ya mawe, mie nikidhani ni mambo ya mizimu.

Sasa nieleweni tatizo lililobaki. Tumekaa kikao. Zamu kuwa tiketi, wote wameafiki. Bamvua, wote. Siku ya kwanza bila miwani, vijana wamenyanyuka. Wanasema: nani alilala nje usiku? Nani alipigwa na baridi ya kusi boya la tatu lilipokatika akaogelea kulirudisha? Nyie mlilinda mchana mkisuka ukili chini ya mvinje. Na jamani, wana haki yao. Usiku ndio ulikuwa mgumu. Nikiwapa wanawake siku nzima ya kwanza, awamu ijayo sina mlinzi wa usiku. Nikiwapa vijana, sina mlinzi wa mchana. Kikao kilivunjika saa ya Magharibi bila kusomwa dua.

NahodhaMstaafu:

Mnagawana siku, kwa nini msigawane mwamba? Mwamba una upande wa nchi na upande wa bahari. Wenye vijiti wabaki juu, kwenye tambarare inayoota maji yakipwa. Wa miwani waende nje ya ukingo, kule ambako mwenye kijiti hafiki hata siku ya bamvua kubwa. Pigeni mstari wa maboya ukingoni. Wote waingie saa ile ile, kila mtu kwake. Kesho yake mstari unaondolewa.

Bado sijasema kufunga ni kuzuri.

AliyekuwaAfisa:

Nahodha, umekataa mlango wa mbele ukaingia kwa dirisha. Naunga mkono. Ila kuweni na mtu wa kusimamia mstari ambaye si ndugu wa mtu. Najua kwenye shehia ya watu mia mbili huyo hayupo. Basi wawe wawili ambao hawapatani.

KatibuWaDiko aliandika, baada ya miezi minne:

Nimerudi na habari. Tumefungua juzi, siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo.

Wanawake walikubali kwa masharti mawili. La kwanza, mstari wa mzee nahodha. La pili, faini ya yule kijana ilipwe kwanza, vinginevyo hawalindi hata saa moja. Mjomba wake alikaa kimya wiki mbili. Halafu ikalipwa nusu, imeletwa na mkewe, kwenye bahasha, akaniwekea mlangoni bila kubisha hodi. Wanawake wakaijadili nusu hiyo jioni nzima, mwisho wakasema haya, nusu ni kukiri.

Daftari la zamu nililishika mie. Kila aliyelinda niliandika, na vijiji viwili kati ya vile vitatu vya jirani walileta walinzi. Cha tatu walisema bahari haina mwenyewe. Siku ya kufungua walikuja na ngalawa tano, wakakuta vijana wetu na wa vile vijiji viwili wamesimama pamoja majini, wakageuza tanga. Hakuna aliyepigwa. Maneno yalisemwa ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Maji yalianza kutupisha saa tatu na nusu. Mwamba ulivyoota, sijui niwaelezeje, ni kama mtu anayevua nguo polepole. Tulikuwa tumejipanga ufukweni, hakuna aliyekimbia kwa sababu mama mkwe wangu alitangulia mbele na yeye hakimbii. Tundu lake la kwanza lilikuwa hatua kumi tu kutoka boya. Makombe mlangoni, magamba ya kaa bado mabichi. Aliingiza kijiti akakitikisa kidogo, mkono mmoja ukatoka ukakizunguka, halafu wa pili. Hakuvuta. Alingoja. Pweza akageuka rangi mara tatu, kahawia, nyeupe, kahawia, ndipo akakipanda kijiti chote kwa uchu wa kukila. Mizani ilisema kilo tatu na robo. Aliniangalia hakusema neno, akaniwekea kapuni kwangu nimchukulie, akaenda tundu la pili.

Matundu ya mawe tuliyapita. Niliyahesabu manne. Mmoja wetu aliingiza kijiti katika moja kwa kujisahau, wenzake wakampigia kelele mpaka akakichomoa.

Vijana nje ya ukingo walipata kwa uzito zaidi yetu, hilo niseme kweli. Lakini kila mwanamke aliyekuwa daftarini alirudi na pweza, wa chini kabisa wawili. Mwaka jana nilihesabu wanawake tisa waliorudi na kapu tupu.

Barafu ililetwa nusu ya iliyoahidiwa. Mchuuzi alisema jokofu liliharibika. Bei ilishikilia hadi adhuhuri, kisha ikaanza kuteleza, na waliokaa sana majini ndio walioumia. Mwakani nataka wachuuzi wawili, wasiozungumza.

Siku ya pili mstari tuliuondoa, na hapo ndipo fujo ilipoanza, kila mtu kila mahali. Vijana wanasema mstari ukae siku tatu, wanawake wengine wanasema hapana, wao nao wana watoto wenye miwani. Tuna kikao Ijumaa baada ya sala.

Bi mkubwa, umeniambia mjukuu ndiye anayeandika. Mwambie anisaidie jambo. Daftari la zamu lilidondoka majini wakati wa kupima, nimelianika juani lakini kurasa za mwezi wa kwanza zimeshikana kama mkate wa kumimina. Nikizibandua wino unabaki upande mmoja. Kuna mtu anajua namna ya kuzitenganisha? Awamu ijayo itaanzia kwenye majina hayo.